Kidude Chini ya Kidevu Chako

Kitale,
Jumatano asubuhi

Dada Roselyne,

Mulembe sana. Natumaini hujambo, na mama pia, na kwamba ule mguu wake umeacha kumsumbua. Sisi huku tuko salama, ni baridi tu. Jerono ameota meno mawili, anauma kila kitu mpaka mimi. Usishangae nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu ungenikatia kabla sijafika mwisho.

Najua bado una hasira na mume wangu kwa sababu ya picha zako za mahafali zilizoharibika. Mama aliniambia ati unamwita fundi wa giza mbele ya watu wa kanisa, na kwamba hutampikia chai tena shemeji wa namna hiyo. Kipkirui hajitetei. Anasema mikono yake haifai. Jumamosi kuna mtu wa Endebess anakuja kununua kamera na kile kidude cha kupima mwanga, halafu Kipkirui arudi kubeba mikebe ya maziwa. Ndiyo maana siwezi kungoja.

Unakumbuka siku moja kabla ya mahafali, tukiwa kwa mama Bungoma? Ulijaribu joho ukasimama kando ya migomba. Kipkirui akakuja mpaka karibu, akakuwekea kidude chini ya kidevu, kile chenye kichwa cheupe kama nusu yai. Akakuambia inua uso, geuka kidogo, tulia hivyo. Ukamuuliza, shemeji, unapima mwanga ama unapima uzuri? Akasema vyote viwili. Kila mtu alicheka. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, nikacheka pia, lakini kwa meno tu.

Dada, mimi Kipkirui hunipiga picha kwa simu, tena nikiwa nafua. Hicho kidude hakijawahi kufika kwa uso wangu. Wewe una digrii, una shingo ya mama. Mimi niliachia Fomu Wani. Nikasema moyoni, huyu amepata kila kitu, na sasa mume wangu anamtazama dakika nzima bila kupepesa.

Sasa nisikilize. Kipkirui alikuwa amenionyesha kwamba kidude lazima kiwekwe namba ya filamu. Yake ni mia nne siku zote, kwa hivyo haangalii tena. Ukiweka namba kubwa, kidude hudhani filamu inataka mwanga kidogo, na picha hutoka na giza. Asubuhi ya mahafali, akiwa anaoga, nilizungusha kile kigurudumu mpaka elfu tatu na mia mbili. Ni mimi, dada. Nilitaka tu uso wako utoke na giza kidogo. Sikujua picha zote zitapotea.

Pale chuoni Kibabii nilimsikia akishangaa, ati leo mwanga ni mwingi sana. Lakini akasema kidude kinajua kuliko macho yake, akaiwekea kamera mwanga kidogo kama kilivyomwambia. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Ningesema neno moja tu. Nikaona ukimvuta mkono akunyooshee kofia, nikanyamaza. Alipoosha filamu na kuiinua dirishani, ilikuwa wazi kama karatasi ya mkate, hata sura yako haionekani.

Kwa hivyo fundi wa giza ni mimi, niite hivyo hata kanisani. Lakini yeye mwambie arudie hizo picha kabla hajauza. Joho si unaweza kuazima tena? Nitalipiga pasi mwenyewe.

Kabla ya kufunga bahasha nimempa Kipkirui aisome. Ameisoma mara mbili. Nilingoja anifukuze. Ameniuliza kitu kimoja tu, kama nilizungusha kwenda namba kubwa ama ndogo. Nikamwambia kubwa. Akahesabu kwa vidole, akasema polepole, basi mikono yangu ilikuwa sawa. Sasa yuko nje amembeba Jerono, amenipa mgongo.

Barua hii naipa Lorna, jirani yangu, anakuja Bungoma leo mchana. Msalimie mama na wote wa nyumbani, na Mungu awaweke. Ukiamua kupiga simu, usipige kwa namba yangu. Piga kwa ya mume wangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mary Ann