Zamu za Kuulinda Usingizi Wangu

Wanangu,

Maharage nimeshachemsha, yaungeni tu. Nimekwenda kwa mdogo wangu, nikalale.

Asubuhi, chai haijapoa, kifungua mimba wangu, mwalimu mzima, kanisomea ripoti ya usingizi wangu kama matokeo ya mtihani: saa saba, yuko macho, saa nane, yuko macho, saa tisa, yuko macho na ana hasira. Nani asiwe macho akimulikwa tochi usoni kila saa na kuulizwa, “Mama, umelala?”

Daktari alitaja yanayoninyima usingizi: chai ya jioni, magoti, kusinzia mchana, na upweke tangu baba yenu atutoke. Chai ya jioni nimeacha. Magoti nayachua. Upweke ndio ninyi mkautibu kwa zamu za ulinzi! Mchana mnapita mlangoni kwangu mbio, hata kukaa hamkai.

Hilo jedwali la zamu libandueni kwenye friji.

~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi nikishiba usingizi. Anayetaka kujua kama nimelala aje mchana, avute kiti, tuongee.

Tochi nimeondoka nayo.

Mama yenu