Mvumo Baada ya Sitini

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka shule saa kumi, nikapitia Kola kumwona dada yangu Mwende, kama kila siku. Daktari amesema atajifungua baada ya wiki mbili, labda chini. Miguu imemvimba. Mama amehamia kwake.

Nikirudi Machakos gari limeanza kuvuma. Mvumo mzito, kama mashine ya kusaga unga iliyo ng'ambo ya kilima. Nikifika kasi ya sitini unaanza, nikishuka hamsini unakufa. Nimezima redio. Nimefunga madirisha. Bado upo.

Mume wa Mwende yuko kazini Mombasa. Gari la kumfikisha dada yangu hospitali ni hili. Mwaka jana alingoja bodaboda kwenye mvua na mtoto hakuishi. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda na kushuka barabara ya kwenda mji wa Wote mara tatu bila safari. Nikitoa gia, mvumo unabaki. Basi si injini. Breki haziubadilishi. Kwenye kona ya kulia unapanda hadi nausikia kwenye meno. Kona ya kushoto, karibu unyamaze.

Beringi. Gurudumu la mbele, kulia.

Nimefurahi kupita kiasi, peke yangu ndani ya gari, kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi kwa fundi Mutuku, kabla ya kipindi cha kwanza. Yeye hupima kwa kiganja: huinua gari kwa jeki, hushika springi, huzungusha gurudumu kwa mkono mwingine na kufumba macho. Alitaka kufanya hivyo kwa magurudumu yote. Nilikuwa na haraka. Nilimwambia nafundisha fizikia, nimeshapima, ni la kulia.

"Sawa, mwalimu," akasema. Akabadilisha beringi ya kulia.

Jioni, kona ile ile, mvumo ule ule. Nimepiga usukani ngumi hadi mkono ukauma.

Alhamisi, 6 Machi
Sikurudi kwa Mutuku. Nimejiambia nina kazi. Sina kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Kidato cha Pili. Nimechora basi likikata kona ya kulia. Nimeandika ubaoni kwamba abiria huegemea kushoto na magurudumu ya kushoto ndiyo hubeba uzito. Chaki ikasimama. Ninafundisha jambo hili kila mwaka. Wanafunzi walidhani nawatungia swali, wakaanza kunong'ona majibu.

Ni la kushoto. Lilikuwa la kushoto tangu mwanzo.

Baada ya shule nilipita mbele ya gereji. Mutuku aliniinulia mkono. Nikamwinulia wangu, nikaenda zangu. Nilimkatiza maneno mbele ya mafundi wenzake, na sasa naogopa watanicheka. Ni woga wa kijinga na ninaujua. Mama anasema tumbo la Mwende limeshuka. Mvumo sasa unaanza kwa arobaini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika gereji saa mbili asubuhi. Nimemwambia Mutuku nilikosea, kwa sauti ya kusikika. Hakuna aliyecheka. Aliingia ndani akatoka na beringi mpya.

"Hii nilinunua Jumatano," akasema. "Gari likiwa juu niligusa springi ya kushoto. Ilikuwa inatetemeka kama kuku wa mvua."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Mwalimu, mimi niliachia darasa la saba. Wewe ushasema umepima. Ningesema nini?"

Nilitaka kumkasirikia. Siku tatu amenitazama nikipita na gurudumu bovu, kwa sababu ya heshima. Lakini heshima hiyo niliidai mwenyewe.

Gurudumu lilikuwa limeshatolewa simu ilipolia. Mama. Uchungu umeanza, tena unakuja kwa kasi. Siku ya soko, pikapu zote za majirani zimeondoka. Mvua. Nimesema nakuja, na gari langu limesimama juu ya mawe. Mutuku alikimbia na beringi na kitovu cha gurudumu hadi kwa mwenye mashine ya kuvishindilia pamoja, upande wa pili wa barabara. Dakika arobaini. Nimezihesabu zote.

Kola na kurudi. Mama nyuma, kichwa cha Mwende mapajani mwake. Nimepita sitini, nimepita themanini. Kona ya kulia, kimya. Mwende hakulia, alishika tu mkanda wa kiti. Mara mbili alisema, "Usisimame." Mtoto alizaliwa kabla hata hawajamaliza kuandika jina la mama yake pale mapokezi ya hospitali.

Msichana. Analia vizuri.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeomba ruhusa shuleni. Wodi ina joto na harufu ya uji. Mama amekwenda kufua.

Mwende ameniuliza kwa nini nilichelewa Jumamosi. Ningeweza kusema ni mvua. Nimemwambia yote: kwamba nilijua tangu Ijumaa, na nikaipita gereji bila kusimama kwa sababu sikutaka fundi ajue nimekosea.

Amemhamishia mtoto kwenye titi la pili. Nje mtu alikuwa akifagia maji varandani.

Mtoto aliposhiba, Mwende alinipa nimshike. Akageukia ukuta, akalala.

Nimekaa na mtoto hadi mkono ukafa ganzi.