Nani Ataita Chini ya Jiwe la Dirisha?

Mpendwa Shangazi Merle,

Naomba unisikilize kabla hujanicheka, maana nakusikia redioni kila Jumatano na ulimi wako naujua. Nina miaka sitini na tisa, nilizaliwa chini ya Jiwe la Dirisha, lile tao la mawe lililo juu ya bonde letu, na nikiwa na miaka sita gari la serikali lilituchukua kwa nguvu kutoka kwa wazazi, mimi na watoto wengine, tukalelewa mjini na wageni, na tangu siku ile sijakanyaga huko, ingawa nimefanya kazi maktaba miaka thelathini na minne na hakuna ramani ya bonde lile ambayo sijaisoma.

Sasa wajukuu wangu wameamua twende. Mpango ameuandika Kirra, mkubwa wao, nami nauonea fahari kuliko shahada yake: kilomita kumi na moja kwenda na kurudi, lita tatu za maji kila mtu, kuanza saa moja asubuhi, na ikifika saa sita mchana tunageuka, popote tulipo. Nilisahihisha jambo moja tu, kwamba mawe ya upande wa kusini hubaki na utelezi asubuhi nzima, tupandie mashariki. Mdogo wake, Jarrah, akasema, "Bibi, ukichoka nitakubeba kama gunia la viazi." Nikamjibu, "Utabebwa wewe, miguu yako imezoea kochi." Wala si majivuno matupu, Shangazi, miezi mitatu natembea kando ya mto na mkoba wa vitabu mgongoni.

Ila unajua sisi hatuingii nchi ya wazee wetu kimya, anayeongoza husimama kwenye kijito cha kuingilia bondeni akawaita wahenga kwa lugha yao, akataja jina lake na la mama yake na watu anaowaleta, na mimi miaka yote nimewaambia wajukuu kwamba nitaita mimi, kumbe lugha ya mama yangu imenibakia maneno manne, na moja ni la kufukuzia mbwa. Nimekariri mengine jikoni kutoka kitabu cha mmisionari mmoja, nikajisikia kama ninayesoma barua ya mtu mwingine.

Anayejua kuita ni Coral, binti wa mama yangu mdogo, ambaye siku ile alifichwa, akabaki. Miaka tisa iliyopita, kwenye msiba huku mjini, nilisimama kutoa neno, naye akasema kwa sauti, "Dada, unaongea kama redio ya serikali." Watu wakacheka. Sijasema naye tena. Juzi Kirra kaniuliza, "Bibi, tutasimama wapi kuita?" Nikajikuta nimeshika goti. Je, nisingizie goti nibaki garini, au nisome ya kitabuni, maadamu watoto hawatajua tofauti?

Nola

*

Dada Nola,

Goti lako zima, liache. Huwezi kukaa garini unakula biskuti wakati wajukuu wako wanapanda kwa mpango uliousahihisha wewe. Na kitabu kirudishe kabatini. Watoto hawatajua, kweli, lakini hao unaowaita watajua.

Umesoma ramani zote, ukasahau nililofundishwa kabla sijajua kufunga kamba za viatu: aliyekaa mbali haiti, huitiwa. Aliyebaki humshika mkono, akammwagia maji ya kijito kichwani, akamtaja jina. Hata mimi, na mdomo wangu huu, niliporudi baada ya miaka miwili ya hospitali za mbali, niliitiwa na mdogo wangu, nimelowa kama kuku wa mvua. Wewe miaka sitini na mitatu unataka kujikaribisha mwenyewe?

Coral alikukosea, na utamwambia hivyo, lakini baada ya kumwomba. Mpigie kesho kabla ya chakula cha mchana. Usimtume Kirra, usiandike ujumbe. Sema, "Coral, nakuja nyumbani. Niitie." Kisha mwache ajibu mwenyewe. Mwambie Kirra aongeze nusu saa ya kijitoni, basi muondoke mapema zaidi, saa ya kugeuka isiguswe. Na hayo maneno manne waambie wajukuu leo, mezani. Wakicheka la mbwa, cheka nao.

Maji yakimwagwa utataka kuinamisha kichwa kama mtu anayeomba radhi. Usiinamishe. Hukuondoka, Nola. Ulichukuliwa. Simama wima, wajukuu wakuone.

Shangazi Merle