Babu alichagua rweya kwa ajili ya baiskeli

Georgina, sikia hili. Bibi Kokwijuka kanieleza leo kwa nini aliachana na babu.

Mwaka 1974 babu alikuwa katibu kata huku Muleba. Akaagizwa achague mahali pa kijiji cha ujamaa. Akazunguka siku mbili kwa baiskeli.

Akachagua rweya! Nyasi tupu, mgomba hauoti. Bibi, akiwa na mimba ya mama, akamuuliza, "Maji yako wapi?"

"Mbali kidogo. Lakini ni tambarare, kuna upepo mzuri, baiskeli inateleza yenyewe."

BAISKELI INATELEZA YENYEWE! Watu wakaondolewa kwenye vibanja vya migomba vya baba zao kwa hilo!

Bibi akakataa kuhama. Babu akaja na mgambo, wakabomoa jiko la nyumba yake mwenyewe huku babu amesimama barabarani, kashika usukani wa baiskeli, anatazama pembeni. Mkewe, Georgina! Mwenye mimba!

Bibi akachukua jembe na mtungi, akaenda kwao Izigo kwa miguu. Hakurudi.

Nimemuuliza kama alimsamehe. Ameendelea kumenya ndizi, akasema, "Alikufa kabla sijafika huko kwenye kusamehe."