Shaba Kiganjani mwa Aliyeketishwa

Mórrope,
Lambayeque, Peru.
14 Oktoba 2012.

Mpendwa mpwa wangu Zarela,

Natumaini u mzima huko Lima, na kifua hakikusumbui tena na ule ukungu wenu. Mimi ni mzima kupita vijana wote wa hapa. Juzi nilimtoa punda kisimani kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika kibuyu cha chicha, ile pombe yetu ya mahindi, nisiimwage.

Barua yako niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu kazi ya kufukua kule kilimani haiendi bila mimi. Daktari Otilia ana vyeti vya mambo ya kale, lakini kaburi nalinusa mimi.

Wiki iliyopita nilinusa moja. Watu wa kale kabisa walilazwa chali, kipande cha shaba mkononi. Baadaye yakaja mahekalu mapya, vyungu vipya, na wafu wakazikwa wameketi, miguu imekunjwa. Huyu wangu alikuwa ameketi. Nikaona kitu cha kijani kiganjani, nikapiga ukelele, "Zumaridi!" Nilisikika hadi baharini. Kijiji kizima kikaja na makoleo.

"Don Nicanor," Daktari akasema, "hiyo ni shaba yenye kutu. Umeshakunywa asubuhi hii?"

"Kidogo tu, Daktari, ya kusafisha macho."

"Basi hayajatakata. Ongeza!"

Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Daktari akapiga magoti, akasema, "Wamemketisha kwa desturi mpya. Lakini kuna mtu wake amemtilia shaba ya zamani."

Namfikiria sana mtu huyo. Pengine aliambiwa, "Mzee, hayo yamepitwa." Akaitikia, na shaba akaipenyeza.

Sasa lile lako. Wewe na kaka yako mnataka kuhamishia mifupa ya mama yenu Lima, mpate kumwashia mishumaa kila Novemba. Mkubwa aliyebaki ni mimi. Bila neno langu kaburi halifunguliwi. Nilishatangaza sokoni kwamba nimekataa, hata aje askofu.

Zarela, kila Jumapili mimi huenda kaburini kukaa na mama yenu Asunta. Namwagia dada yangu chicha kidogo mchangani, inayobaki nakunywa. Ndiye pekee anayenisikiliza hadi mwisho. Nyumba za upande wetu zote zimefungwa. Hata kuku wa jirani wamehamia mjini Chiclayo.

Mchukueni. Huko atawashiwa na wengi. Hapa mshumaa wake ni mmoja, nao upepo huuzima.

Kwenye kitambaa nilichofunga pamoja na barua hii kuna nusu ya kibuyu alichozoea kunywea nami. Nimekipasua mwenyewe. Mtilieni kiganjani kabla hamjafunika. Watu wa makaburi ya huko wakicheka, waacheni wacheke.

Nisalimie kaka yako Wilmer na shangazi yenu Petronila. Wabusu wanao, waambie habari ya punda. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Nusu iliyobaki ipo mezani kwangu. Haishiki chicha tena, lakini sijaiondoa.

Mjomba wako akuwazaye kila siku,
Nicanor Farroñán