Kikohozi cha Wimbo wa Saba

Jumatatu, 2 Juni. Ilomba

Chai, maandazi mawili, kazi. Baridi ya kung'ata masikio. Nimejifungia chumbani na mablanketi manne ukutani. Siyo ya baridi, ni ya kuzuia mwangwi. Mwenye nyumba anaamini nimerukwa na akili. Hajui anaishi na msanii wa kimataifa. Nimefika Lusaka mara mbili na Ndola mara moja, na kote huko sijasikia kitu kama hiki tunachofanya mimi na Eda.

Eda anapiga cherehani. Anaipiga kweli, kama ngoma. Ni fundi nguo Iringa mjini, na ile cherehani yake ya miguu ina mdundo ambao wapiga ngoma wengi wanautafuta hadi leo. Mimi ni fundi redio Mwanjelwa. Napiga redio mbovu, spika zilizopasuka na beseni. Kikundi chetu kinaitwa Poleni Sana. Albamu yetu ya kwanza inaitwa Chakula Kiko Nyuma ya Nyumba, tangazo linalosubiriwa kuliko yote msibani. Nyimbo tisa, zote za misiba, zote za kuchekesha. Mmoja kwaya, mmoja mchiriku, mmoja sijui ni nini na sitaki kujua. "Marehemu Hakuwa na Baya" peke yake unatosha nichongewe sanamu stendi.

Uzinduzi Jumamosi tarehe 14, Iringa. Ukumbi umepatikana. Mimi niko tayari. Dunia sijui.

Jumatano, 4 Juni

Nimesikiliza wimbo wa saba mara kumi na moja. Huu ndio wenyewe. Niandike ulivyopatikana, nisije nikazeeka nikaongeza chumvi.

Mwaka jana baba yake Eda alifariki, kule kwao Kilolo. Nilikwenda. Kwetu Unyakyusa msiba una ngoma na watu wanacheza. Nilidhani Wahehe watakaa kimya kama wako kwenye mtihani. Kumbe wana watani wao, Wangoni. Akaja Bibi Komba, Mngoni, jirani yao. Akavaa koti la marehemu, akachechemea hadi mlangoni, akakohoa, akasema, "Mke wangu, nifungulie, huko mlikonipeleka kuna baridi!" Watu walicheka huku wanalia. Mjane alicheka kuliko wote. Bibi hakuondoka mpaka alipopewa kuku. Ndiyo desturi: mtani anakufanyia fujo, unampa chake, anakwenda zake, yameisha.

Nilirekodi kwa simu. Maneno safi. Kikohozi kilimezwa na upepo.

Hapo ndipo kipaji kinapoingia. Mzee nilimjua. Wimbo wa kwanza tuliurekodia kwake, wiki tatu, na kila jioni akitoka shambani hakubisha hodi. Alikohoa, na mkewe alimpelekea birika la maji ya kunawa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Basi nikaingiza kichwa kwenye ndoo ya plastiki, nikakohoa. Mara ya sita nikampata. Nywele zilinisimama.

Eda nilimwambia ni kikohozi cha Bibi Komba, nimekisafisha tu. Uongo mdogo. Wa kisanii.

Ijumaa, 6 Juni. Iringa

Eda anasema lazima mama yake ausikie wimbo wa saba kabla ya uzinduzi. Mume ni wake, msiba ulikuwa wake, hawezi kuja kuusikia kwa majirani. Nimekubali. Nimemwambia mama atacheka hadi aombe maji.

Eda amenishonea shati la uzinduzi. Kola kama ya askofu. Nimependeza kupita kiasi.

Jumamosi, 7 Juni. Kilolo

Mbaya.

Tulikaa jikoni, mama anamenya viazi. Spika yangu ndogo niliiweka karibu na mlango, ndipo ilipotoa sauti nzuri. Cherehani ya Eda ikaanza, mama akatabasamu. Kikaja kikohozi. Mama akaweka kisu chini, akainuka nusu, akageukia mlangoni. Mkono ulishafika kwenye birika la maji ya kunawa.

Halafu akakaa. Sijawahi kuona mtu akikaa vile.

Bibi Komba akaendelea kusema baridi, baridi, baridi. Nilikuwa nimelirudia neno mara nane, nikajiona mjanja. Hakuna aliyecheka.

Mama akasema, "Huyu siyo Komba. Komba alikohoa kama mbuzi. Huyu amekohoa kama mume wangu. Ni nani?"

Nikasema ni mimi. Eda aliniangalia kama mteja aliyekuta nguo yake imekatwa vibaya.

Mama hakupandisha sauti. "Ya Komba tuliyamaliza kwa kuku. Ya kwako, mwanangu, yanaisha lini?"

Nimefika Lusaka na Ndola, huko hawakunifundisha hilo. Nikazima spika.

Jumapili, 8 Juni. Iringa

Eda ameongea mara moja tu tangu jana. Bila mama yake kuridhika hakuna uzinduzi, na hakuna Poleni Sana. Akarudi kwenye cherehani, akashona sare za shule.

Nina hasira. Na Eda, na mama, na upepo wa Kilolo. Zaidi na mimi. Kikohozi kile ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Mara tatu nimeweka kidole kwenye kufuta. Sikuweza. Mtu wa ovyo mimi.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata akili! Kama ya Komba yaliisha kwa kuku, na ya kwangu yataisha kwa kuku. Nimenunua jogoo mwekundu, mnene, ana sura ya diwani. Shule niliishia kidato cha pili, lakini akili haikuishia hapo.

Eda amemwangalia jogoo, ametikisa kichwa. Lakini kesho atanisindikiza.

Jumatano, 11 Juni. Kilolo

Nimeaibika na jogoo mkononi.

Bibi Komba alikuwepo, amekaa uani na mama. Nikasema kamwene, salamu ya Kihehe, kwa heshima zote, nikapiga goti, nikamnyooshea mama jogoo. Bibi akauliza jogoo wa nini. Nikaeleza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"We Mnyakyusa! Kuku anapewa mtani ili aondoke. Sasa unampa mwenye nyumba, aondoke aende wapi? Umekuja kumfukuza mjane?"

Akamchukua jogoo wangu, akamweka kwapani, akasimamisha kola ya gauni lake, akaanza kuzunguka uani kifua mbele. "Mimi nimefika Lusaka! Nimefika Ndola! Kukohoa nakohoa kwenye ndoo!" Kumbe Eda alishamwambia yote. Hadi jogoo aliwika. Ameniiga sawasawa, nilitamani kumrekodi. Mama akacheka. Eda naye, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nikasimama nikachekwa hadi mwisho.

Walipochoka nikaomba msamaha bila kupamba. Nilisema nilimpenda mzee. Nilisema pia nilitaka kusifiwa. Yote mawili ni kweli. Eda nilimwambia nilimdanganya, na kwamba sikuwa na sababu.

Mama akasema atafikiri. Jogoo alibaki kwa Bibi Komba. Bibi amekula bila kazi. Hapana, kazi aliifanya.

Alhamisi, 12 Juni. Iringa

Mama amepiga simu. Wimbo utoke. Kikohozi kisitoke. Mbele za watu, hapana.

Nimekikata. Nimepaacha tupu, sikujaza kitu.

Jumamosi, 14 Juni

Tumezindua. Watu wengi kuliko viti, japo viti havikuwa vingi. "Jeneza Halipiti Mlangoni" mzee mmoja alicheka mpaka meno ya bandia yakamsumbua. Kwenye wimbo wa saba, Eda alisimamisha mguu. Kimya cha urefu wa kikohozi. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Mtu akapaza sauti, "Fundi, umeme!" Ukumbi ukaangua kicheko. Eda akaniangalia, akacheka na yeye, mguu ukarudi kwenye kazi.

Nilikuwa mzuri sana jukwaani. Hilo liandikwe.

Jumapili, 15 Juni. Kilolo

Tumempelekea mama albamu. Ameisikiliza yote, viazi vikaungua. Kisha akanitolea redio ya mzee, ile ndogo inayosoma memori kadi. Waya wa spika ulikuwa umekatika. Nimeuunga.

Akasema, "Kile cha kwako bado unacho?"

Nikasema ninacho.

"Kiweke humu. Bila cherehani, bila Komba."

Nimekiweka. Hakuna atakayejua kwamba kazi yangu kubwa ina msikilizaji mmoja. Sikujisifu. Hata mimi nashangaa.

Jioni tukaaga. Tulikuwa tumefika kwenye mipaini, Eda mbele, tulipokisikia nyuma yetu. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Eda akasimama. Hatukugeuka.

Kisha tukasikia birika likiwekwa chini.