Jani la Sale

Mjukuu wangu Manka,

Shikamoo yako imefika. Marahaba, mama. Huku Kilema hatujambo, mvua imekubali na ng'ombe amezaa. Baba yako naye mzima, ingawa tangu uache chuo ili uandike hadithi, hataji jina lako.

Unauliza kwa nini wasomaji hawaguswi pale ndugu wawili wa hadithi yako wanapopatana. Nimeisoma. Wanaombana msamaha kurasa mbili nzima! Nani huongea hivyo?

Nilipokuwa binti, baba yangu na mdogo wake waligombania maji ya mfereji, wakanuniana msimu mzima wa kahawa. Jioni moja tukiwa tunakula, baba mdogo akatokea mlangoni ameshika jani la sale, lile tunalopanda mipakani. Kwetu, ukiletewa jani hilo huwezi kukataa kusamehe. Tukangoja aseme. Akalinyoosha tu mbele ya baba. Baba aliliangalia lile jani, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi, akasema, "Kaa basi, mtori unapoa." Mama akageukia ukutani, akajifuta macho kwa kanga.

Kwa hiyo futa zile hotuba. Waachie jani na benchi, msomaji atafika mwenyewe.

Nilipofika hapa katika barua hii, baba yako akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akachukua panga, akatoka nje.

Hilo jani lililomo kwenye bahasha sikulikata mimi.

Bibi yako